Cuidadoso, cuidado, con cuidado: neno la Kihispania linalowapiga chenga wanafunzi

Swali la msomaji:

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 26, naishi Dodoma mjini, najifunza kazi ya kuongoza wageni, hasa wanaokwenda kuona michoro ya miambani kule Kolo, Kondoa, na wanaotembelea mashamba ya zabibu huku kwetu. Kihispania najifundisha mwenyewe kwa programu ya simu ambayo maelezo yake ni ya Kiingereza. Neno linalonitesa ni cuidadoso, yaani mwangalifu. Mwezi uliopita nilikuwa na wageni wanne kutoka Hispania. Mama mmoja alikanyaga jiwe linalocheza, nikapiga kelele '¡Cuidadoso!' Badala ya kutazama miguu yake, akageuka kunitazama mimi. Jioni nikajitambulisha kwa kusema 'Soy un guía muy cuidado', wakatabasamu na sikuelewa kwa nini. Nikiandika 'Estoy cuidadoso' programu inakataa bila maelezo. Kamusi nayo inanipa prudente, cauteloso na precavido juu yake. Je, tatizo ni msamiati wangu mdogo, au sina kipaji cha lugha?"

Marahaba, binti yangu. Nianzie mwisho wa barua yako, maana hapo ndipo uliponigusa. Kipaji unacho. Mtu asiye na sikio la lugha asingegundua kwamba yule mama alikutazama wewe badala ya kutazama miguu yake. Wewe uliona, ukakumbuka, ukauliza. Msamiati wako nao hauna kasoro. Neno ulilijua na lilikutoka kwa wakati. Kilichokukwamisha ni njia uliyopitia. Unatoka kwenye Kiswahili unakwenda Kihispania, lakini programu inakupitisha Kiingereza kwanza, kama mtu anayetoka Dodoma kwenda Kondoa kwa kuzungukia Morogoro. Kwa neno hili hasa, mzunguko huo unakunyang'anya vitu ambavyo lugha yako ilikuwa imeshakupa.

Turudi pale kwenye jiwe. Hebu jiulize: kama aliyeteleza angekuwa shangazi yako, ungepiga kelele gani? Ungesema "Angalia!" au "Chunga!" Usingesema hata siku moja "Mwangalifu!" Ungemwambia hivyo, naye angegeuka kukutazama, akidhani unamwita mtu fulani au unamsifu mtu. Ndicho kilichompata mgeni wako. Cuidadoso ni kivumishi. Kinaeleza mtu alivyo, tabia yake, mazoea yake. Hakina kazi kwenye sekunde ya hatari. Kelele ya hatari kwa Kihispania ni ¡Cuidado!, na hiyo ni nomino yenye maana ya uangalifu. Ukitaka kutaja kitu chenyewe, unaongeza con: ¡Cuidado con la piedra!, angalia jiwe. Kwenye malango ya nyumba ambapo sisi tunaandika "Mbwa mkali", wao huandika Cuidado con el perro. Na kwa kuwa ¡Cuidado! ni nomino, haijali unamwambia mwanamume au mwanamke, mmoja au kumi. Kwa anayeongoza watu kwenye miamba hilo ni jambo kubwa, kwa sababu hutapata muda wa kuchagua mwisho wa neno wakati mtu anaanguka.

Ukiwa na muda wa sentensi nzima, yaani kabla watu hawajaanza kupanda, hapo Kihispania hutumia kitenzi tener, kuwa na. Kwa Waswahili hii ni raha tupu. Sisi husema nina njaa, nina kiu, nina usingizi, nina haraka, nina hofu. Wao husema tengo hambre, tengo sed, tengo sueño, tengo prisa, tengo miedo. Ni "nina" moja kwa moja. Anayejifunza kupitia Kiingereza hutaabika hapa, kwa sababu kule njaa na haraka ni sifa ya mtu, wala si kitu alicho nacho. Wewe huna sababu ya kutaabika. Uangalifu wa wakati fulani umo kwenye kapu lilelile: tener cuidado, kuwa na uangalifu. Kwa rafiki au mtoto: ten cuidado. Kwa mgeni mmoja unayemheshimu: tenga cuidado. Kwa kundi: tengan cuidado. Hispania kwenyewe, watu waliozoeana huambiana tened cuidado wakiwa wengi, lakini wewe shika tengan. Inaeleweka kote kunakosemwa Kihispania, tena ina heshima ndani yake. Mtu aliyelelewa kusema shikamoo hatapata shida kuelewa kwa nini lugha iwe na "wewe" wa heshima na "wewe" wa mazoea.

Kwa hiyo pale chini ya mlima Kolo, kabla ya hatua ya kwanza, waambie: Tengan cuidado con las piedras sueltas. Kuweni waangalifu na mawe yasiyoshika. Au Pisen con cuidado, kanyageni kwa uangalifu. Hii con cuidado ni kielezi cha kila siku. Lipo pia neno refu cuidadosamente, lenye maana hiyohiyo, ambalo hutokea zaidi kwenye maandishi na maelezo rasmi. Mdomoni watu husema con cuidado. Programu nyingi hupenda lile refu kwa sababu linaonekana kama somo. Wewe lifahamu ukiliona, kisha uendelee na con cuidado.

Sasa lile tabasamu la jioni. Usilichukulie kuwa ni dharau. Uliwaambia Soy un guía muy cuidado, nao wakasikia mambo mawili kwa pamoja: kwamba wewe ni mwanamume, na kwamba wewe ni kitu kilichotunzwa vizuri sana. Cuidado, mbali na kuwa nomino, ni umbo la kitenzi cuidar linaloeleza kitu kilichofanyiwa kazi: kilichotunzwa, kilichoangaliwa. Na cuidar ni kitenzi kinachojulikana sana hata huku Ugogoni, ila kwa jina lingine: kuchunga, kutunza. Cuidar el ganado ni kuchunga mifugo. Cuidar a un niño ni kumlea au kumwangalia mtoto. Ukishalijua hilo, nenda shambani. Mkulima wa zabibu anayepogoa kwa wakati, anayekagua majani asubuhi, ni un agricultor cuidadoso. Shamba lake, kwa sababu ya mikono yake, ni una viña cuidada. Mkulima ana uangalifu, shamba limeupokea. Mtendaji ni -oso, mtendewa ni -ado. Siku utakapowapeleka wageni kwenye zabibu, itazame ile mizabibu iliyofungwa vizuri kwenye waya na uiseme sentensi hiyo kwa sauti. Nimefundisha tofauti hii kwa njia nyingi, na hakuna iliyokaa kichwani mwa wanafunzi kama ya mkulima na shamba lake.

Kinyume chake kina utata kidogo, nao ni vizuri uujue. Descuidado hutumika pande zote mbili: mtu mzembe, na pia kitu kilichotelekezwa. Un chófer descuidado ni dereva mzembe. Un jardín descuidado ni bustani iliyoachwa ikajaa majani. Hapo Kihispania hakitofautishi, muktadha ndio unaoamua.

Nikueleze sasa neno limejengwaje, kwa sababu ukiuona mfupa wake hutalisahau. Cuidadoso ni cuidado ukiongezea -oso. Kiambishi hicho huchukua nomino na kutengeneza sifa ya mwenye kitu hicho kwa wingi. Peligro ni hatari, peligroso ni chenye hatari. Ruido ni kelele, ruidoso ni chenye kelele. Miedo ni hofu, miedoso ni mwenye hofu, mwoga. Lluvia ni mvua, lluvioso ni chenye mvua. Unaona neno letu linavyojirudia kwenye tafsiri? -enye. Kwa hiyo ndani ya kichwa chako usikiandike cuidadoso kama "mwangalifu" peke yake, kiandike "mwenye uangalifu". Ukifanya hivyo, maneno mengine mengi ya Kihispania yenye mwisho huo yatakufungukia bila kamusi.

Kuna jambo ninalolipenda katika asili ya neno hili. Cuidar limetoka kwenye Kilatini cogitare, kufikiri, na katika Kihispania cha zamani lilitumika kwa maana hiyohiyo ya kufikiri. Sisi mwangalifu wetu ametoka kwenye kuangalia. Kwao mtu mwangalifu alianza kama mtu anayefikiri, kwetu alianza kama mtu anayetumia macho. Hili halitakusaidia mtihanini, lakini nimeona wanafunzi wakilishika neno kwa nguvu zaidi wakishajua lilikotoka.

Linakuja lile ambalo Kiswahili hakikupi, na hapa sitakudanganya: ni jinsia. Sisi tuna ngeli, kwa hiyo wazo la kivumishi kufuata nomino si geni kwako. Mtu mwangalifu, watu waangalifu. Hata mahali pa kukaa ni palepale, baada ya nomino: un guía cuidadoso. Lakini ngeli zetu hazimtenganishi Juma na Asha. Kihispania kinawatenganisha. Mwanamume ni cuidadoso, mwanamke ni cuidadosa, wanaume au kundi la mchanganyiko ni cuidadosos, wanawake watupu ni cuidadosas. Programu yako imekuonyesha umbo la kamusi, ambalo siku zote ni la kiume, nawe ukalibeba kama lilivyo. Wewe ni mwanamke, hivyo kila unapojisema mwenyewe mwisho ni -a: Soy cuidadosa. Soy una guía cuidadosa. Lifanye kuwa jina lako la pili kwa Kihispania, ili ulimi usiulize tena.

Mtego mmoja wa jinsia unawanasa hata waliosoma miaka kadhaa. Kivumishi kinafuata nomino iliyotajwa, hakimfuati mtu aliye nyuma yake. Persona ni nomino ya kike, hata ukimzungumzia baba mzima mwenye ndevu: Mi padre es una persona muy cuidadosa. Vilevile gente, watu, ni ya kike na ni umoja: gente cuidadosa. Hapa mwenye Kiswahili anaweza kujishikiza kwenye ngeli tena, kwani naye anajua kwamba upatanisho ni kati ya neno na neno.

Kuhusu Estoy cuidadoso. Kihispania kina vitenzi viwili vya kuwa. Ser hueleza mtu alivyo; estar hueleza hali aliyomo au mahali alipo. Uangalifu, kwa mtazamo wao, ni sehemu ya tabia, kwa hiyo ni soy cuidadosa. Ule wa muda mfupi wameupeleka kwenye tener, kama nilivyokueleza, na ndiyo maana estar anabaki hana kazi. Nakiri kwamba hapa Kiswahili kinaweza kukupotosha, kwani sisi mtaani tunasema "yuko makini" bila wasiwasi wowote, na "yuko" ina harufu ya estar. Ukija kumsikia Mhispania akisema hoy estás muy cuidadoso, ujue anashangaa: leo umebadilika, si kawaida yako. Ni matumizi ya watu waliobobea. Wewe yaache kwanza.

Je, ni kosa kuwaambia wageni Sean cuidadosos, kuweni waangalifu? Wapo walimu watakaokuambia usiseme kabisa. Mimi sikubaliani nao. Kisarufi ni sahihi, ila lina uzito tofauti: linashauri mwenendo mzima, halionyi juu ya jiwe moja. Ukimwambia mtu Tienes que ser más cuidadosa, unamkosoa tabia yake, na mgeni aliyelipia safari anaweza kuhisi amekaripiwa. Lakini ukisimama mbele ya michoro yenyewe, ile rangi nyekundu ya watu na wanyama iliyodumu kwenye miamba vizazi na vizazi, unaweza kusema Sean muy cuidadosos con las pinturas bila kumuudhi yeyote, kwa sababu unaomba mwenendo wa muda wote watakaokuwa hapo. Michoro ya Kondoa iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Wageni wengi wanaofika huko wanalijua hilo na wanatarajia kuelekezwa. Hata hivyo usiishie kwenye kivumishi. Kinachookoa mchoro ni amri iliyo wazi: No toquen las pinturas, por favor. No les echen agua. Msiiguse michoro, msiimwagie maji. Mtu anaweza kujiona ni mwangalifu sana na bado akapitisha kidole juu ya mchoro kwa mapenzi yote. Nalisema hili kwa uchungu, maana rangi ikishatoka hairudi.

Yale maneno mengine matatu ya kamusi hayalingani sawasawa. Prudente ni mwenye busara katika hatari, na ndilo neno zuri zaidi kwa dereva: un conductor prudente. Tena halibadiliki kwa jinsia, linaongeza -s tu kwenye wingi, hivyo ukibanwa unaweza kukimbilia hapo. Ila usiligeuze kuwa kichaka cha kujifichia jinsia, maana utaikuta kwenye vivumishi vingine vingi. Precavido ni yule anayejiandaa mapema, aliyebeba maji ya akiba na tairi la ziada kabla ya safari ya Kondoa. Wao wana methali, hombre precavido vale por dos, mtu aliyejiandaa ana thamani ya watu wawili. Sisi tunasema tahadhari kabla ya hatari. Cauteloso lina wasiwasi ndani yake: mtu anayesogea huku akishuku. Ukijiita cauteloso mbele ya wageni, watadhani unawaogopa. Liache.

Kuhusu matamshi, mkazo hautakusumbua. Neno la Kihispania linaloishia na irabu, kama halina alama juu yake, huwekewa mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama Kiswahili. Kwi-da-DO-so. Herufi ya kuangalia ni d. Ikiwa katikati ya irabu hulainika na kuwa karibu sana na dh yetu ya dhahabu: kwi-dha-DHO-so. Lakini dh hiyo uitamke kweli. Watu wengi wa bara husema "zahabu" na "zambi" na tunaelewana vizuri tu. Ukiipeleka z hiyo kwenye Kihispania, mgeni hatalitambua neno. Ncha ya ulimi iguse meno kwa wepesi. Na jiandae kusikia Wahispania wakisema cuidao, d ya mwisho imepotea. Ni usemi wa mazungumzo. Uelewe, lakini usiuandike.

Yako mambo ambayo barua haiyawezi. Sauti ni mojawapo: mimi sikusikii, na programu mara nyingi hupitisha matamshi ambayo mtu angeyakataa. Tafuta mtu anayezungumza Kihispania tangu utotoni, ukae naye hata nusu saa, akusikilize ukisema cuidado, cuidadosa, con cuidado. Ulizia kwenye parokia na mashirika ya kitawa, ulizia kwa wenzako wa kazi ya utalii. Na wageni wenyewe, mkiwa garini kurudi mjini, ukiwaomba wakusahihishe wengi hufurahi. Jambo la pili ni maandishi ya usalama. Ukitaka kuchapa kibao cha onyo, mkataba au maelekezo ya dharura kwa Kihispania, usitegemee jibu langu wala programu. Mpe mfasiri mwenye ujuzi ayapitie kabla hayajachapwa, kwani hapo kosa la herufi chache linaweza kumvunja mtu mguu. Na kama unaona maneno unayajua ukiwa peke yako lakini yanakukimbia mbele ya wageni, hilo halitibiwi na orodha ya msamiati. Linahitaji mwalimu wa kukaa naye uso kwa uso, mara moja au mbili kwa wiki, mkiigiza safari nzima tangu salamu hadi kwaheri.

Kwa safari ijayo, jitambulishe hivi: Buenos días. Soy su guía y soy muy cuidadosa con mis visitantes. El camino tiene piedras sueltas: tengan cuidado y pisen con cuidado. Habarini za asubuhi. Mimi ndiye nitakayewaongoza, na huwa mwangalifu sana kwa wageni wangu. Njia ina mawe yasiyoshika: angalieni, na mkanyage kwa uangalifu. Lisome kwa sauti kila asubuhi kwa wiki moja, ukiwa jikoni au ukisubiri daladala. Na siku mwenzako wa kiume atakaposhika zamu yako, mpe maneno hayohayo. Atabadilisha herufi moja tu, aseme cuidadoso.